Harufu ya Mlingoti

Wajukuu zangu, malori yanayopita hapa Ipogolo, Iringa, yakitoka Mufindi mnayaona, yamebeba nguzo za umeme ndefu zilizonyooka. Nyingi kati ya hizo ni milingoti, ambayo vitabu vyenu vinaiita mikaratusi. Nguzo huondoka, majani hubaki shambani. Leo ninayataka majani.

Chuma moja, liinue juani. Ukilikazia macho utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga. Kila kitone ni kifuko cha mafuta. Mti huu asili yake ni Australia, na mafuta hayo ni ngao yake dhidi ya wadudu wanaotaka kulitafuna jani. Ukilifikicha, vifuko hupasuka na harufu huruka. Kinachoruka ni maada kamili, inayoshikika na kupimika. Sehemu yake kubwa mara nyingi ni sineoli: kila molekuli ina atomu 10 za kaboni, 18 za haidrojeni na 1 ya oksijeni.

Sasa tegueni kitendawili. Sineoli huchemka kwenye nyuzijoto 176 hivi. Maji ya kwetu, kwa kuwa Iringa iko juu, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mbona basi bibi akichemsha majani hayo kwa ajili ya nyungu, yaani kujifukiza chini ya blanketi, hujaa humo ndani?

Ni kwamba mafuta na maji hayachanganyiki. Kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na hewa iliyokaa juu ya chungu husukumwa na wote wawili, kama watu wanavyosaidiana kusukuma lori lililokwama. Nguvu zao zikijumlishwa huishinda hewa mapema, na mafuta hupanda pamoja na maji. Mvuke huo ukipitishwa kwenye bomba lenye baridi hurudi kuwa majimaji, mafuta yakaelea juu, yakakingwa. Kwa mvuke vile vile kisiwa cha Pemba hupata mafuta ya makonyo ya karafuu. Humo mna yujinoli, inayotia ganzi jino linalouma; madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda.

Turudi kwenye nyungu. Ukiwa na mafua ukajifukiza, unahisi pua imezibuka. Sineoli hugusa vipokezi vya baridi kwenye neva za pua, vile vile vinavyoamshwa na upepo wetu wa Juni. Ubongo hupata habari ya hewa baridi, nawe unahisi unapumua vizuri hata kama uvimbe wa ndani haujapungua. Nafuu hiyo ni ya kweli na ninaiheshimu. Lakini mwaka 2020, Korona ilipoingia, wengi walijifukiza wakiamini mvuke unaua kirusi. Kirusi hujificha ndani ya seli za mwili, na mvuke haukifikii. Anayehema kwa shida apelekwe hospitali, asifunikwe blanketi.

Na mafuta ya mlingoti ya chupa msiyanywe kamwe. Mtoto mdogo akimeza hata kijiko kimoja cha chai anaweza kupata degedege na kupoteza fahamu. Ikitokea, msimtapishe, maana mafuta yakiingia mapafuni huyaunguza. Mwiteni mtu mzima, akimbizwe kituo cha afya, na chupa yenyewe ichukuliwe.