Uso wa Bi Harusi Hautoki Kikoponi

Miezi mitatu kabla ya harusi yake, mtoto wa dada yangu alinijia nyumbani, Mji wa Kale, Mombasa, amejifunika mtandio hadi machoni. Alipoufunua nilishtuka. Mashavu yalikuwa yamembabuka kama aliyeunguzwa na mvuke wa chungu. Alikuwa ameuziwa kikopo cha kujichubua, akaahidiwa kung'ara kwa wiki mbili.

"Mama mdogo," akaniuliza, "nitatokaje mbele za watu?"

Nilimpeleka kwa daktari kwanza, naye akamkataza kikopo kile. Mafuta mengi ya kujichubua huwa na zebaki. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, kisha hupenya mwilini ikadhuru mafigo. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza krimu na sabuni za kuchubua zenye zebaki ya zaidi ya sehemu moja kwa milioni.

Uso ulipopona kabisa, tulimwita somo wake amsinge kama walivyosingwa bibi zetu.

Akina dada, kusinga si mapambo matupu. Tabaka la juu la ngozi halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwa mishipa iliyo chini yake. Uso ukisuguliwa polepole, mishipa hiyo hutanuka, damu ikaongezeka, mashavu yakapata joto na nuru. Lakini tusidanganyane: nuru hiyo ni ya muda, wala kusinga hakubadilishi rangi. Kutembea kwa haraka kila siku husaidia damu vile vile, na sigara huibana mishipa hiyo. Tena ngozi mpya huchukua kama mwezi mzima kupanda kutoka chini hadi juu. Basi anayekuahidi uso mpya kwa wiki mbili, mwogope.

Somo alifanya hivi. Alinawa mikono, akatia matone machache ya mafuta ya nazi viganjani. Akaanzia kidevuni kwenda masikioni, akapandisha mashavuni, kisha kutoka katikati ya paji hadi kwenye vipaji vya pembeni, kwa dakika tano, bila ya kuivuta ngozi. Halafu akasugua kijiti cha liwa juu ya msio kwa maji ya mawaridi hadi kikatoka kizito, akampaka, na kabla hakijakauka sana akamwosha. Nawe ukitaka kujaribu, paka kwanza kidogo mkononi ungoje siku moja. Mwenye vidonda au chunusi nyingi asisugue, na mafuta ayaache.

Siku ya harusi mwanetu alitoka ukumbini kwa rangi yake ile ile aliyopewa na Mola, uso umetulia, na vigelegele vikapaa. Kile kikopo tulikwisha kukitupa. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.