1185 au 1192: Kwa Nini Nilimwandikia Mwalimu

Watu kadhaa, ndugu zangu wa tumbo moja wakiwemo, wameniuliza imekuwaje nikamwandikia mwalimu wa mwanangu barua ndefu kwa ajili ya alama moja. Wengine wameniona mgomvi. Basi nieleze. Swali la jaribio la historia lilikuwa fupi: serikali ya wapiganaji ya Kamakura ilianza mwaka gani? Binti yangu, ambaye yuko darasa la sita hapa Fukuoka, aliandika kwamba wapo wanaosema 1185 na wapo wanaosema 1192, akaongeza mistari miwili ya sababu. Akanyimwa alama. Lililotakiwa lilikuwa 1185, basi.

Kabla ya kufika Kamakura, kuna jambo linalomchanganya kila ninayemtumia picha za karatasi zake. Hapa Japani jibu sahihi huzungushiwa duara jekundu. Jibu lililokosewa hupigwa alama ileile ambayo sisi tuliisubiri kwa hamu darasani, vema. Bibi yao kule Morogoro alipopokea picha ya karatasi iliyojaa maduara alidhani ni masifuri, akanipigia simu kuuliza kama mtoto anaumwa au kuna mtu anamwonea shuleni. Kazi iliyopendeza sana huchorewa duara lililozungukwa na petali, likawa kama ua. Mdogo wake, wa darasa la pili, amekata maua hayo mengi na kuyabandika kwenye mlango wa friji, na mgeni haruhusiwi kufungua friji kabla ya kuyasifu. Kwa hiyo mliponiuliza kwenye kundi la familia, "Si kapata vema?", nilikuwa na hasira mara mbili. Ile vema ndiyo kosa lenyewe.

Halafu kuna kukariri. Tarakimu za Kijapani zina matamshi zaidi ya moja, kwa hiyo watoto huunganisha tarakimu za mwaka zikawa maneno ya kukumbukia. 1192 husomeka kama kusema nchi nzuri, na Wajapani wa rika langu karibu wote wanaweza kukutajia hata ukiwaamsha usiku wa manane. Vitabu vya shule vya siku hizi vimehamia 1185, na nchi nzuri imegeuka kuwa sanduku zuri. Baba mmoja tunayekutana naye getini shuleni alibishana na mwanawe mbele yangu, baba ameshikilia nchi, mtoto ameshikilia sanduku. Niliwauliza wote wawili kwa nini mwaka umebadilika. Wakanitazama kimya. Mtoto wa dada yangu, anayesoma Leicester, alipofundishwa vita vya Hastings vya 1066 alipewa kazi ya kupanga sababu za ushindi wa William kuanzia iliyo nzito zaidi na kutetea mpangilio wake. Uingereza ina kasoro zake, lakini katika hili wametushinda mbali.

Na sababu ya mwaka kubadilika ipo, tena haihitaji shahada. Kati ya 1180 na 1185 koo mbili za wapiganaji, Taira na Minamoto, zilipigana hadi mwisho ukafika baharini, kwenye mkondo wa Dan-no-ura, mwendo mfupi kwa treni kutoka hapa tulipo. Taira walikuwa na mfalme mkuu Antoku, mtoto wa miaka sita. Meli zao ziliposhindwa, bibi yake alimkumbatia akajitupa naye majini. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1185, Minamoto no Yoritomo, kiongozi wa washindi, alipata kutoka kwa watawala wa Kyoto haki ya kuteua wasimamizi wa mikoa na wasimamizi wa mashamba makubwa. Hao wa mashamba ndio waliokusanya kodi na kujichukulia fungu lao. Cheo cha shoguni, yaani mkuu wa wapiganaji, alikipata 1192 tu, baada ya mfalme mstaafu Go-Shirakawa, aliyekuwa akimkatalia, kufariki.

Kwa hiyo anayesema 1192 anahesabu cheo, na anayesema 1185 anahesabu mkono uliofika kwenye mpunga wa watu. Mimi niko na wa 1185, na binti yangu pia. Lakini aliyeandika miaka yote miwili na kueleza tofauti yake ameijua historia kuliko aliyeandika tarakimu nne. Hilo ndilo nililomwandikia mwalimu, kwa adabu, kwenye daftari la mawasiliano ambalo mtoto hubeba kila siku.

Nilimwongezea mfano wa Ulaya, maana huko nako cheo na nguvu havikwenda pamoja. Charlemagne alirithi ufalme wa Wafranki mwaka 768, akapigana, akaiteka Italia ya kaskazini, na ndipo siku ya Krismasi ya mwaka 800 Papa Leo III akamvika taji la ukaizari Roma. Ukimpima kwa taji, utakuwa umeruka zaidi ya miaka thelathini ya utawala wake. Uingereza hawana ubishi huu kwa sababu William aliua ndege wawili kwa jiwe moja: Oktoba 1066 Mfalme Harold wa Uingereza aliuawa Hastings, na Krismasi hiyohiyo William akavikwa taji Westminster. Ardhi aliigawa kwa watu wake, na mwishoni mwa 1085 akaagiza iandikwe yote, mashamba, majembe ya kukokotwa na mifugo, katika daftari la Domesday. Yoritomo hakukigusa kiti cha Kyoto. Alikaa Kamakura, mbali mashariki, na ukoo wa kifalme ukaendelea. Unaendelea mpaka leo.

Dada yangu anashikilia kwamba samurai ni walewale wapiganaji wa farasi wa Ulaya, nguo tu ndizo tofauti. Hapana, dada. Ulaya kulikuwa na Papa. Mwaka 1077 Henry IV wa Ujerumani alisimama siku tatu nje ya ngome ya Canossa, katikati ya baridi ya Januari, akimwomba Papa Gregory VII amfungulie milango ya kanisa. Mwaka 1215 makabaila wa Uingereza walimbana Mfalme John pale Runnymede hadi akakubali Magna Carta, na baada ya wiki chache tu Papa Innocent III akaibatilisha. Japani hapakuwa na mtu wa nje wa kukimbilia namna hiyo. Mwaka 1221 mfalme mstaafu Go-Toba alipotangaza vita dhidi ya viongozi wa Kamakura, jeshi lao liliingia Kyoto, likamshinda, akapelekwa uhamishoni visiwa vya Oki, na huko ndiko alikofia 1239. Mashamba yapatayo 3,000 ya waliomuunga mkono yakagawiwa wapiganaji.

Shikeni hapo kwenye kugawiwa, maana ndipo mfumo wote uliposimama, kule na huku. Mpiganaji hutoa damu, bwana hutoa ardhi. Bwana akikosa ardhi ya kutoa, siku zake zinahesabika.

Na Kamakura walikosa. Wamongolia, ambao Aprili 1241 walikuwa wamewapiga Wapoland Legnica na Wahangaria Mohi ndani ya siku chache kisha wakaondoka mwaka uliofuata, walikuja kwenye ghuba yetu hii ya Hakata mara mbili, 1274 na 1281, safari hizi wakitumwa na Kublai Khan. Kati ya safari hizo mbili, kuanzia 1276, ulijengwa ukuta wa mawe kuzunguka ghuba, kama kilomita 20, kila jimbo la kisiwa chetu cha Kyushu likipewa kipande chake. Mabaki yake yapo. Pale Iki-no-Matsubara, chini ya misonobari, mawe yamepangwa kavu bila chokaa, makubwa kwa madogo, na urefu wake unampita mtu mzima. Mwanangu mdogo, yule wa maua ya friji, hataki kuondoka pale. Hulala kifudifudi mchangani, hujifanya mpiga upinde, na anataka dada yake awe Mmongolia. Dada yake anakataa kila mara, kwa hiyo Mmongolia ni mimi.

Wamongolia walishindwa, dhoruba ikavunja meli zao 1281. Lakini ukimshinda mvamizi aliyetoka ng'ambo hupati shamba hata moja la kugawa. Takezaki Suenaga, mpiganaji wa hapahapa Kyushu, alipigana 1274 akaona hatambuliwi. Mwaka 1275 aliuza farasi na matandiko ili apate nauli, akafunga safari mpaka Kamakura kudai haki yake, na ofisa aliyeitwa Adachi Yasumori alipomsikiliza hatimaye akapewa ardhi na farasi. Baadaye alichoresha mikanda ya picha yenye vita vyake na safari hiyo, na ipo hadi leo. Katika mojawapo anapita na farasi mbele ya ukuta uleule. Wengi hawakuwa na bahati yake. Manung'uniko yakalimbikizana, na 1333 Kamakura ikaanguka.

Binti yangu anampenda huyu Suenaga kuliko shoguni yeyote. Anasema ni mtu aliyekwenda kudai alama zake. Amemchora kwenye jalada la daftari, farasi akiwa na miguu mitano kwa sababu mmoja alishindwa kuufuta, na amemtumia mtoto wa mama yake mkubwa kule Leicester picha hiyo. Mwenzake amemrudishia Harold mwenye mshale jichoni. Sasa hivi simu yangu haishiki chaji kwa ajili yao. Wanabadilishana vifo: mmoja anatuma Antoku, mwingine anatuma Tauni Kuu ya 1347, mmoja vita vya Sekigahara vya 1600, mwingine kuanguka kwa Konstantinopoli 1453. Nilitaka kuwaeleza namna Wareno walioipora Kilwa 1505 walivyofika kisiwa cha Tanegashima 1543, ndani ya jahazi la Kichina, wakiwa na bunduki zilizobadilisha vita vya Japani, lakini walikuwa wanabishana nani alikuwa na kofia kubwa zaidi.

Mwalimu amejibu. Kwenye daftari ameandika kwamba jibu la jaribio linabaki 1185, na kwamba binti yangu atasimama mbele ya darasa aeleze mwaka wa 1192 ulitoka wapi. Alama haikurudi. Binti amekubali, ila ametoa sharti: anataka kuwaeleza pia kuhusu Charlemagne, na amenituma nimtafutie picha yake. Mdogo wake naye anataka kwenda na upinde.