Drogba Hakusimamisha Vita

Msimu wa tasnifu ukifika, wanachuo wanamichezo huwabishia hodi wasimamizi wao wakiwa na mada ileile: nafasi ya michezo katika kuleta umoja wa jamii. Mcheza wavu anayo, mkimbiaji wa mita 1,500 anayo, na kipa wa timu ya chuo naye haikosi. Jibu wanalo tayari. Wanachotaka ni muhuri.

Dodoso lenyewe hugawiwa uwanjani baada ya mazoezi, kwa wachezaji wenzao ambao hata soksi hawajavua. "Michezo huimarisha mshikamano: nakubali kabisa, nakubali, sina hakika…" Nani atakataa, kocha akiwa amesimama pembeni? Aliyeacha timu kwa kubaguliwa hayupo hapo kuulizwa.

Kisha anakuja Didier Drogba, mshambuliaji wa Ivory Coast. Bila yeye sura ya pili haikamiliki. Tarehe 8 Oktoba 2005, mjini Omdurman, Ivory Coast iliifunga Sudan 3-1 na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Katika chumba cha kubadilishia nguo, Drogba alishika kipaza sauti, akapiga magoti na wenzake mbele ya kamera na kuwasihi wananchi, waliokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, waweke silaha chini. Hadi hapo ni kweli. Inayofuata ni chumvi: eti baada ya wiki moja vita vikaisha.

Havikuisha hivyo. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa nchini humo tangu 2004, wakisaidiana na wanajeshi wa Ufaransa kuwatenganisha waasi wa kaskazini na serikali ya kusini. Mkataba wa amani wa Pretoria ulitiwa saini Aprili 2005, miezi sita kabla ya mechi. Januari 2006, miezi mitatu baada ya magoti yale, vijana waliomuunga mkono Rais Laurent Gbagbo walikuwa wakizingira ofisi za Umoja wa Mataifa. Gbagbo na kiongozi wa waasi, Guillaume Soro, walikubaliana Ouagadougou tarehe 4 Machi 2007, Rais Blaise Compaoré wa Burkina Faso akiwa msuluhishi.

Na ile mechi maarufu ya Bouaké, ngome ya waasi, ambako Madagascar ilichapwa 5-0? Ilichezwa Juni 3 mwaka huohuo. Timu ilifika huko kwa kuwa wanasiasa walikwisha kufungua njia. Ulipofika uchaguzi wa 2010, Drogba ndiye aliyekuwa nahodha, na watu wapatao 3,000 waliuawa katika ghasia zilizofuata.

Wakenya hawana haja ya kwenda mbali. Luke Kibet alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Osaka mwaka 2007. Miezi michache baadaye, katika ghasia za uchaguzi, alipigwa jiwe la kichwa mjini Eldoret. Medali haikumkinga.

Haimaanishi kwamba michezo haifanyi lolote. Mwaka 2020, wachumi Depetris-Chauvin, Durante na Campante walionyesha kwamba Waafrika waliohojiwa mara tu baada ya timu ya taifa kushinda mechi kubwa walijitambulisha kwa kabila lao kwa kiwango cha chini kuliko waliohojiwa kabla yake. Timu ikifungwa, hakuna badiliko. Huo ndio umoja unaosubiri goli.

Mwaka huohuo Salma Mousa alichapisha utafiti bora zaidi. Huko Iraki, aliwagawa kwa bahati nasibu wachezaji Wakristo waliofurushwa na ISIS: baadhi katika timu za Wakristo watupu, wengine pamoja na Waislamu. Miezi sita baadaye, waliochanganywa walikuwa wepesi zaidi kufanya mazoezi na Waislamu. Lakini nje ya uwanja, kwa mfano kwenda kula mgahawani Mosul, mji wa Waislamu wengi, hawakutofautiana sana na wenzao. Mshikamano uliishia kwenye chaki.

Basi mwanachuo afanye nini? Aulize lini, kwa nani, na kwa muda gani. Awatafute walioacha timu. Alinganishe timu mchanganyiko na isiyo mchanganyiko. Apekue ratiba ya uwanja aone wasichana wanapewa saa ngapi, na bajeti aone nani analipiwa nauli. Au aende Mathare, Nairobi, ambako chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoanzishwa 1987, huzipa timu pointi za ligi kwa kufanya usafi mtaani, achunguze nani hushika koleo na nani huja siku ya mechi tu. Dodoso la "nakubali kabisa" alifute kwenye flashi, na Drogba abaki kwenye orodha ya wafungaji.