Go-Toba: Mfalme Aliyechagua na Kufuta

Katika semina moja ya fasihi linganishi, mwenzetu alisimama akasema kwamba ushairi wa ikulu za zamani hauna la kutufundisha, eti ni maua, mwezi na machozi ya watu walioshiba. Tulicheka, na mimi nilicheka zaidi ya wengi. Baadaye nikasoma habari za Go-Toba, mfalme wa Japani, nikajutia kicheko changu. Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya mfalme huyo na jamaa zake, kwani naamini kwamba mhakiki asiyeijua familia hiyo ataisoma diwani aliyoisimamia kwa jicho moja tu.

Go-Toba alizaliwa mwaka 1180. Baba yake alikuwa Mfalme Takakura, na babu yake Go-Shirakawa, mzee aliyekwisha kung'atuka lakini bado akishika hatamu. Wakati huo koo mbili za wapiganaji, Taira na Minamoto, zilikuwa vitani. Mwaka 1183 Taira walikimbia Kyoto wakiwa wamemchukua mfalme mtoto Antoku, kaka yake Go-Toba kwa baba, pamoja na vifaa vitakatifu vya ufalme: kioo, upanga na kito. Kaka mwingine, Morisada, naye walimbeba. Babu akabaki na wajukuu wadogo. Masimulizi ya Heike yanadai kwamba mmoja alilia alipomwona mzee, lakini Go-Toba alimkalia mapajani bila woga. Iwe kweli au chumvi ya wasimulizi, mtoto wa miaka mitatu aliwekwa kwenye kiti cha enzi bila vile vifaa. Mwaka 1185 Antoku alizama baharini huko Dan-no-ura mikononi mwa bibi yake, na upanga ule haukupatikana tena.

Kwa hiyo tangu mwanzo huyu ni mtu aliyechaguliwa kwa kurukwa wengine. Naye alipokua, akawa fundi wa kazi hiyohiyo.

Mwaka 1198 aling'atuka, akamwachia kiti mwanawe Tsuchimikado, ambaye alikuwa bado mtoto mdogo sana. Wenzangu msishangae: katika utaratibu wa siku hizo, mfalme aliyeko kitini alifungwa na matambiko, na aliyestaafu ndiye aliyekuwa na nafasi ya kutawala. Tsuchimikado alikuwa mpole, na baba hakuridhika naye. Mwaka 1210 akamwondoa, akamweka mdogo wake, Juntoku, kipenzi chake.

Sasa tuangalie ushairi. Mwaka 1201 Go-Toba alifufua Ofisi ya Ushairi na kuwaagiza washairi, akiwemo Fujiwara no Teika, wakusanye diwani ya taifa. Utungo wenyewe, yaani waka, una mizani 31 tu, pungufu ya nusu ya ubeti wetu wa tarbia. Diwani hiyo, Shin Kokinshū, ilisherehekewa mwaka 1205 ikiwa na tungo karibu 2,000. Lakini mfalme hakutulia. Aliendelea kutia hili na kutoa lile kwa miaka kadhaa, mpaka wakusanyaji wakachoka. Mwaka 1220 akamkasirikia hata Teika, akamzuia kushiriki vikao vya ushairi vya ikulu. Ukitazama vizuri, ni mkono uleule uliomtoa Tsuchimikado.

Huko mashariki, Kamakura, nguvu za kweli zilikuwa mikononi mwa wapiganaji. Jemadari wao mkuu, shoguni Sanetomo, alikuwa mshairi aliyepata mafunzo kwa Teika, tena alimwoa binti wa mjomba wake Go-Toba. Uzi huo wa undugu ulikatika mwaka 1219, Sanetomo alipouawa na mtoto wa kaka yake. Mwaka 1221 Go-Toba akatangaza vita dhidi ya Hōjō Yoshitoki, kiongozi wa Kamakura. Juntoku alimuunga mkono, hata akamwachia kiti mwanawe mdogo Chūkyō ili apate kushiriki. Vita havikumaliza miezi miwili. Go-Toba alipelekwa uhamishoni kisiwa cha Oki, na Juntoku Sado. Chūkyō aliondolewa haraka, na hakuingizwa rasmi katika orodha ya wafalme hadi 1870. Tsuchimikado hakushiriki wala hakushtakiwa, ila aliomba mwenyewe aende uhamishoni, kwa kuwa hakuona vema kubaki Kyoto baba yake akiteseka. Hapo ndipo mimi nilipofunga kitabu kwa muda.

Na kiti je? Kilipewa mtoto wa Morisada, yule kaka aliyebebwa na Taira.

Huko Oki mzee hakuacha ushairi. Aliipitia upya Shin Kokinshū na kufuta mamia ya tungo, akisisitiza kwamba iliyobaki ndiyo diwani ya kweli. Jamani, mtu hana jeshi wala mji, lakini bado anahariri! Wapo watakaoona ukaidi. Mimi naona mtu aliyeshika madaraka pekee yaliyombakia, na ndiyo maana siwezi tena kusema kwamba maua na mwezi ni mambo ya walioshiba. Kyoto nako, mwaka 1235, Teika alikamilisha diwani nyingine ya taifa, na tungo za Go-Toba na Juntoku hazikuwamo, kwa kuogopa Kamakura. Mfutaji alifutwa. Lakini katika Hyakunin Isshu, mkusanyiko wa washairi mia unaohusishwa na Teika huyohuyo, wa 99 ni Go-Toba na wa 100 ni Juntoku. Wataalamu wanabishana kama ni Teika mwenyewe aliyewaweka pale.

Go-Toba alifia Oki mwaka 1239. Mwaka 1242 mfalme kijana alifariki bila mrithi. Watu wa ikulu walimtaka mtoto wa Juntoku, Kamakura wakakataa, wakamchagua Go-Saga, mtoto wa Tsuchimikado. Wafalme wote waliofuata wanatokana na huyo. Juntoku alikuwa bado hai kisiwani Sado, na alifariki mwaka huohuo.