Mtoto Asiondolewe Ziwani kwa Haraka



Huku kwetu Murukulazo, katika wilaya ya Ngara, twaona mara nyingi mama atokaye shamba jioni, mtoto mgongoni na kuni kichwani. Mtoto huyo amekwisha kujua kutembea, lakini afikapo nyumbani hutafuta kwanza ziwa la mama yake. Ndipo jirani asemapo, "Mkubwa hivi angali ananyonya? Mwachishe!" Na mama, kwa kuona haya, humwachisha. Basi mwezi huu twanena juu ya neno hili, kwa kuwa ni neno la uhai.

Twasoma katika Maandiko ya kuwa Hana hakumpeleka Samweli Shilo mpaka alipokwisha kumwachisha ziwa. Wala Elkana mumewe hakumharakisha, bali alimpa nafasi akae nyumbani na kumnyonyesha mwana.

Waganga wa leo nao wakubali. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Kisha aongezewe chakula, huku akinyonya hata atimize miaka 2 au zaidi. Katika mwaka wa pili maziwa hayo yaweza kumpa theluthi moja ya nguvu auhitajiyo mwili wake. Si kweli kwamba yamegeuka maji.

Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akitumika Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, aliandika habari za ugonjwa ambao wenyeji waliuita kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuja mdogo wake. Watoto hao walilishwa mahindi matupu. Miguu ikavimba, nywele zikabadilika rangi, na wengi wakafa. Kwa hiyo mama apatapo mimba tena, asimwachishe mtoto kwa ghafula. Mimba haiyafanyi maziwa kuwa sumu. Aende kliniki, aulize.

Basi, ni nini kimsaidiacho mama aendelee? Kwanza, mtoto anyonye mara nyingi, hata usiku, kwa maana ziwa hufanya maziwa kwa kadiri linyonywavyo. Pili, mama mwenyewe ale ashibe: ndizi, maharagwe, dagaa na mboga, na mtoto apewe chakula mara 3 au 4 kwa siku pamoja na ziwa. Tatu, mama mwenye virusi vya UKIMWI asikate tamaa. Akitumia dawa zake kila siku aweza kunyonyesha, akifuata shauri la kliniki.

Nanyi walimu wakuu, jueni ya kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama anyonyeshaye nafasi ya kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, hata saa 2 kwa siku. Msimnyime mwalimu haki yake.

Lakini msaada ulio mkubwa hutoka nyumbani. Baba, teka maji, chukua kuni, mpe mkeo nafasi ya kuketi na mtoto. Bibi, usiwe wa kwanza kusema, "Mwachishe". Uwe wa kwanza kumletea bakuli la uji. Mama hanyonyeshi peke yake. Nyumba nzima hunyonyesha pamoja naye.

Mungu azibariki nyumba zenu na watoto waliomo.