Dawa Nyekundu na Moyo Wako

Ndugu, kama ulitibiwa kansa kwa dawa nyekundu iitwayo doksorubisini, sikiliza. Dawa hii inaua kansa kweli, lakini inaweza kuumiza nyama ya moyo, na pengine ubaya unaonekana miaka mingi baadaye. Nyama hiyo ikifa, haioti tena kama ngozi ya kidonda. Kwa hiyo waganga wanahesabu kipimo chote ulichopata tangu mwanzo. Usiwafiche matibabu ya zamani.

Wenye elimu wanajaribu eksosomu, vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli-shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za namna nyingine. Katika panya vimelinda moyo. Lakini panya si mtu! Mtu akikuuzia leo, usimpe feza. Miguu ikivimba, au ukikosa pumzi ukilala chali, njoo hospitali upesi.