Fahamu: Takwimu za saratani zinasema nini, na hazisemi nini

Redio ikitangaza kwamba Tanzania hupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka na vifo karibu 27,000, mama wa Iramba, mkoani Singida, aliyepewa majibu yake wiki iliyopita husikia jambo moja tu: wawili kati ya watatu hufa. Sivyo. Hayo ni makadirio ya mwaka 2020 ya wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, na baadhi ya waliofariki waligundulika miaka ya nyuma. Tena namba hizo huchanganya saratani zote na hatua zote. Ile ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, hutibika ikiwahiwa. Lakini wengi hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa umeshasambaa.

Kichwa cha habari cha kutisha huumiza hapo hasa. Aliyekata tamaa haoni sababu ya kuuza mbuzi apate nauli ya kutoka Singida. Waandishi, tajeni saratani ipi, hatua ipi, na vipimo vinapatikana wapi. Mgonjwa naye amuulize daktari: “Yangu iko hatua gani, na tiba yake ni ipi?”